Ripoti Ambayo Hakuna Aliyeisoma Yote

"Nipe kosa moja," Daktari Upreti alisema. "Moja tu, Inspekta. Nitaandika barua hapa hapa, mbele ya macho yako."

Inspekta Menuka Bohara hakuwa nalo. Alikuwa na ripoti ya kurasa mia tatu na kumi na mbili, picha za maiti wanane, na mvua iliyoingia siku ya tatu bila kukata. Saa nne asubuhi, bati la Taasisi ya Utalii wa Milimani, pembezoni mwa mji wa Pokhara, lilikuwa linapigwa kiasi kwamba watu walipandisha sauti kama wanaogombana.

Wiki tatu nyuma, mlima ulikuwa umeshuka juu ya Kambi ya Kwanza, kwenye malisho yaliyo juu ya kijiji cha Ghyampe, ukafukia mahema sita na watu wanane. Kambi ya Pili ilikuwa kwenye ukingo ule ule, mwendo wa nusu saa kutoka pale. Mwenye kambi alikuwa yule yule, Lal Prasad Sherchan. Kibali kilitoka kwa ripoti ile ile. Na asubuhi hiyo Kambi ya Pili ilikuwa na wageni thelathini na mmoja na wafanyakazi tisa.

Menuka alikwisha jaribu kuifunga. Sherchan akakimbilia mahakamani, akarudi na amri: kibali kimesimama juu ya utafiti wa Daraja la Kwanza, na mpaka kamati iliyotoa daraja hilo iliondoe kwa maandishi, polisi wasikanyage kambini. Mwenyekiti wa kamati ndiye huyu Upreti, mtu mwembamba wa miaka sitini, aliyenyoosha karatasi zake mezani kila alipomaliza sentensi.

"Mliipimaje?" Menuka aliuliza.

"Kwa haki kabisa. Huu ni utafiti wa taaluma mtambuka, Inspekta. Jiolojia, maisha ya jamii na biashara ya utalii, vyote ndani ya ripoti moja. Ndio uzuri wake. Kwa hiyo tuliweka wakaguzi watatu, kila mmoja bingwa wa fani yake."

"Kila mmoja alisoma nini?"

"Sehemu inayomhusu."

"Wakaipa alama ngapi?"

"Themanini na nane, tisini na moja, tisini na tatu. Tukajumlisha, tukagawa kwa tatu. Daraja la Kwanza, bila ubishi."

"Nani aliisoma yote?"

Upreti alinyoosha karatasi. "Mimi ni mwenyekiti. Niliipitia."

"Sura ya Saba, hii inayounganisha mambo yote na kusema mahali ni salama. Hii ni ya fani gani?"

"Ni ya wote."

"Mkaguzi wake nani?"

"Nimekwambia, ni ya wote."

Menuka aliandika kwenye daftari lake: *Sura ya 7, hakuna*. Simu ikatetemeka. Alikuwa Sajini Dambar Pun, ambaye Menuka alimweka kwenye daraja la kamba chini ya Kambi ya Pili.

"Madam, huku hata bata wameomba likizo."

"Nipe hali, Dambar."

"Ule ufa wa njiani. Jana uliingia vidole viwili. Leo nimeingiza mkono mpaka kiwiko. Na mto umebadilika rangi, umekuwa kama chai ya maziwa."

"Wageni?"

"Walishuka kupiga picha daraja, nikawaambia waondoke. Wakaniambia jamaa wa kambi amewaonyesha cheti cha Daraja la Kwanza, kimetundikwa hema la kulia chakula na taji la maua juu yake kama mungu wa nyumbani. Basi wakanipiga picha na mimi. Nimekuwa kivutio, madam."

"Usivuke daraja mpaka nikutumie barua. Ukivuka bila barua, Sherchan atatufunga wote wawili."

"Nimeelewa. Lakini itume mapema. Mlima huu unanung'unika."

Menuka alikata simu, akamgeukia Upreti. Mzee alikuwa anatazama dirishani.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Lakini ufa wa njiani si kosa la utafiti. Nikiondoa daraja kwa sababu ya ufa, kesho kila mwenye hoteli atakuja na ufa wake. Nipe kosa, Inspekta."

*

Daktari Homnath Dhungel, mwanajiolojia wa utafiti ule, alimpokea Menuka maabara, katikati ya trei za udongo zenye vibandiko. Alikuwa hajanyoa kwa siku nyingi. Hakumkaribisha kiti.

"Najua umekuja na nini," alisema. "Nimeota mahema yale kila siku. Lakini vipimo vyangu ni sahihi. Vichukue, wapelekee watu wa Kathmandu, Delhi, popote."

"Vipimo vyako vilisema nini?"

"Hatari ya wastani."

Menuka alifungua ukurasa wa mia mbili na nne. "Hapa pameandikwa hatari ndogo."

"Hiyo ni Sura ya Saba. Udongo peke yake hautoshi. Unahitaji kujua mlima umeshuka mara ngapi huko nyuma. Niliona kovu la zamani pale, limeota miti. Likiwa la miaka mia tano, halitutishi. Likiwa la miaka arobaini, hulali. Sikuweza kulijua umri. Kwa hiyo nikasema wazee waulizwe. Kazi ya wazee haikuwa yangu, ilikuwa ya Ishwari."

"Daktari Tamrakar."

"Huyo. Akaleta wazee sitini na wanne, wote wanasema hawajawahi kuona poromoko. Hesabu ikashuka kutoka wastani hadi ndogo. Ni hesabu, Inspekta. Ukiingiza sifuri, inatoka sifuri."

"Na wewe ulimwamini?"

"Yeye ni bingwa wa watu, mimi ni bingwa wa mawe. Ningemfundisha kazi yake? Angenicheka." Alishika trei moja, akaiweka tena. "Ila kama unataka kujua ninachowaza, kaulize alihoji lini. Sitini na wanne kwa siku tano. Mimi mawe yenyewe, yasiyojibu, huwa yananichukua mwezi."

Menuka alipiga hesabu kwenye ngazi akishuka. Wahojaji wawili, siku tano: watu sita au saba kwa siku kila mmoja. Kutoka kijijini hadi malishoni ni saa tatu za kupanda, kisha kushuka. Kwa hesabu hiyo hawakupata hata muda wa kunywa chai. Mahojiano ya kupika, alijiambia. Hili ndilo kosa. Ilikuwa saa tano na nusu.

*

Ishwari Tamrakar alikuwa nyumbani kwake, amekaa sakafuni jikoni, anachambua dengu zilizokwisha chambuliwa. Tangu Kambi ya Kwanza ifukiwe hakuwa amekwenda kazini. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye mvi ambazo hakuzipaka hina safari hii.

"Kaa, mdogo wangu. Chai ipo."

"Sina muda wa chai, dada. Nataka daftari zako za Ghyampe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nadhani wazee wako sitini na wanne uliwatunga."

Ishwari hakukasirika. Aliinuka kwa kushika magoti, akaenda chumbani, akarudi na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na daftari tisa na kinasa sauti kidogo. Kila hojiano lilikuwa na namba, jina, alama ya dole gumba au sahihi, na saa ya kuanza na kumaliza. Menuka alichagua namba ovyo, ishirini na tisa, kumi na moja, hamsini na tano, na kila alipochagua, Ishwari alibonyeza na sauti ikatoka: mzee anakohoa, jogoo anawika, mtu anauliza kama kuna zawadi. Menuka alilinganisha saa za kinasa na za daftari. Zililingana. Alipiga simu ya diwani wa kata, akamtajia majina kumi. Diwani akayajua yote, akamwambia wa nane amefariki baada ya sikukuu ya Dashain, lakini kweli alihojiwa, alijisifu mwezi mzima.

Hayakuwa mahojiano ya kupika. Menuka aliketi sakafuni. Saa sita na robo.

Simu ililia. "Madam, ufa sasa naingiza mguu," Sajini Pun alisema. Hakutania.

"Bado, Dambar. Kaa upande wako."

Alipoweka simu chini, Ishwari alikuwa anamtazama. "Sikulala siku zile," alisema. "Watu walinisubiri mlangoni tangu alfajiri. Kijiji kizima kilitaka kusema."

"Siku zote tano mlikuwa kijijini?"

"Tungekwenda wapi?"

"Malishoni. Kwenye kambi."

"Kule hakuna mtu, mdogo wangu. Kuna nyasi na ng'ombe wakati wa kiangazi. Mimi nahoji watu."

Hesabu yake ya ngazini ilikuwa sawa, ila ilimpeleka njia isiyo sawa. Siku tano hazikutosha kupanda malishoni kwa sababu hakuna aliyepanda. Alivuta ripoti karibu.

"Uliwauliza nini? Neno kwa neno."

Ishwari alifumba macho. "'Je, tangu upate akili, umewahi kuona ardhi ikiporomoka hapa kijijini?'"

"Hapa kijijini."

"Ndiyo. Nilikuwa nauliza kama wanahisi salama kupokea wageni majumbani mwao. Swali la jamii lile, halikuwa swali la mlima."

"Kuna aliyetaja malisho?"

Ishwari alipekua daftari la sita mpaka hojiano la arobaini na moja, akalitafuta kwenye kinasa. Sauti ya bibi ilitoka, kavu na ya haraka. Bibi Phulmaya Ghale, miaka themanini na mbili. *Kijijini? Kijijini hapana, mwanangu. Babu zetu hawakuwa wajinga, walijenga penye mwamba. Ukitaka maporomoko nenda malishoni. Kule mlima ulishuka mwaka niliozaa mtoto wa tatu, ukala ng'ombe kumi na wanne wa mume wangu. Na kabla yangu ulishuka wakati wa mama mkwe.* Kisha sauti ya Ishwari mwenyewe, ya upole: *Asante, bibi. Na sasa kuhusu wageni...*

Kinasa kilikatika. Ishwari alikiweka sakafuni.

"Nilimkatiza," Ishwari alisema.

"Uliliandika?"

"Nililiandika. Liko kwenye rasimu yangu, safu ya malisho. Nilikuwa na safu tatu: kijiji, malisho, njia. Nikajua Homnath ataliona, ndiye mwenye mlima."

Menuka aligeuza ripoti, akaweka kidole kwenye ukurasa wa mia na kumi na mbili. "Soma hapa."

Ishwari alisoma kwa sauti. "'Wazee wote waliohojiwa walikubali kwamba hakujawahi kutokea poromoko la ardhi katika eneo la mradi.'" Akarudia mstari ule kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Eneo la mradi. Hili si neno langu. Mimi sijui hata eneo la mradi ni wapi. Safu zangu ziko wapi?"

"Zimekuwa moja."

"Na ng'ombe wa Phulmaya?"

"Hawamo. Ripoti ilipotoka, uliisoma?"

Mwanamke yule aliziba mdomo kwa ncha ya sari. "Niliangalia kama jina langu limeandikwa vizuri," alisema.

*

Karani wa masjala aliitwa Gyanu Shakya. Yeye ndiye aliyetunza mafaili ya Taasisi na yeye ndiye aliyechapa nakala za mwisho za ripoti zote. Menuka alimkuta anakula wali na dengu kwenye kopo, akamwonyesha ukurasa.

"Nani alibadilisha 'kijijini' kuwa 'eneo la mradi'?"

"Mimi," Gyanu alisema bila kusita, kijiko kikiwa njiani. Kisha akaona uso wa Inspekta, akakirudisha. "Niliagizwa. Mimi ni mchapaji tu, afande."

"Kwa agizo la nani?"

"Rasimu ilirudi kutoka kwa kamati imeandikwa pembeni kwa wino mwekundu. Nakumbuka kwa sababu maneno yenyewe yalinichekesha: 'Taaluma tatu, lugha moja! Msomaji achanganyikiwe kwa nini? Kijiji, malisho, njia: tumieni eneo la mradi kote.' Nikaiamuru kompyuta itafute na kubadilisha. Mara mia mbili na kumi na mbili, asubuhi moja. Zile safu tatu zikawa na kichwa kimoja, zikaonekana zinajirudia, kwa hiyo nikabakiza ya kwanza."

"Na ya malisho?"

"Niliifuta. Ilikuwa na mstari mmoja tu, wa ng'ombe." Macho yalimtoka. "Kwani nimeua mimi, afande? Niambie. Nimeua?"

"Nipe rasimu yenye wino mwekundu."

Gyanu alikwenda kwenye rafu, akashusha jalada, akalifungua. Lilikuwa tupu. Alichungulia nyuma ya rafu, akapiga magoti akachungulia chini, akaanza kulia huku anatafuta. Menuka hakumsaidia. Alivuta daftari la masjala, lile la watu wanaochukua mafaili, akapita tarehe kwa kidole kurudi nyuma.

Mahema yalifukiwa siku ya Jumanne. Jumatano, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kabla ofisi hazijafunguliwa vizuri, mtu mmoja alichukua rasimu ya Ghyampe. Hakuwa ameirudisha. Sahihi ilikuwa nadhifu, imenyooka, imekaa juu ya mstari barabara.

Saa nane na nusu.

*

"Umeniomba kosa," Menuka alisema. Aliweka kinasa sauti mezani, akamsikilizisha Upreti bibi Phulmaya mpaka mwisho. Kisha akafungua ukurasa wa mia na kumi na mbili, na juu yake daftari la masjala, tarehe ile.

Upreti hakugusa karatasi zake safari hii.

"Mwanajiolojia alisubiri wazee," Menuka alisema. "Wazee walisemea kijiji. Bibi mmoja akasemea mlima, mtafiti akamwachia mwanajiolojia. Mwanajiolojia hakumwona bibi kwa sababu alikuwa amefutwa. Na wakaguzi wako watatu kila mmoja akasoma chake, akakuta ni safi, kwa sababu kila kipande kilikuwa safi kweli. Uchafu ulikuwa kwenye mshono. Na kwenye mshono aliyeingia ni wewe peke yako, na kalamu nyekundu."

"Ilikuwa maoni ya lugha," Upreti alisema kwa sauti ya chini. "Kila ripoti ya namna hii inakuja na maneno ya kila mtu. Wasomaji wanalalamika. Niliona nawasaidia."

"Hilo lingekuwa kosa tu. Ungekuwa umekosea, na mimi ningekuacha. Lakini Jumatano ulikwenda masjala kabla ya watu. Ulisoma safu ya malisho. Umejua wiki tatu, Daktari. Wiki tatu umekaa juu ya rasimu hiyo, na wageni wanaendelea kupanda."

"Nilidhani Sherchan ataifunga mwenyewe. Mtu yeyote mwenye akili angeifunga."

"Alitundika cheti chako hemani."

"Nikiondoa daraja, nitaulizwa kwa nini. Miaka thelathini na moja nimefundisha watu namna ya kupima utafiti. Thelathini na moja! Nusu ya hao unaowaona huko nje ni wanafunzi wangu."

"Rasimu iko wapi?"

 Simu ilitetemeka mezani, na Menuka akaiweka katika sauti ya wote. Mlio wa mto ulijaza chumba kabla ya sauti ya mtu.

"Madam! Jiwe limepita. Kubwa kama gari. Limepita kati ya hema la mwisho na choo, limeingia mtoni. Wageni wanapiga makelele, Sherchan anawaambia ni kawaida ya msimu. Madam, nivuke?"

"Subiri, Dambar."

"Nasubiri nini?"

Menuka alimtazama Upreti. "Mjibu wewe. Anasubiri wewe."

Mzee alifungua mtoto wa meza kwa ufunguo aliouvaa shingoni. Rasimu ilikuwa humo, na wino mwekundu pembeni. Aliitoa akaiweka juu ya meza, akavuta karatasi yenye nembo ya Taasisi, akaandika mstari wa kwanza ambao haukusomeka. Alichana. Akaanza tena. Alikuwa anaandika aya ya pili, maelezo, sababu, heshima kwa mahakama, Menuka alipogonga meza.

"Mistari miwili. Daraja limeondolewa. Sahihi, muhuri."

Saa tisa na dakika ishirini barua ilipigwa picha na kutumwa. Dakika moja baadaye Sajini Pun alijibu kwa neno moja: *Napanda*.

*

Menuka alisubiri ukumbini, mgongo ukiwa ukutani na mlango wa Upreti wazi ili amwone. Konstebo mmoja alikuwa amekwisha simama pale ndani. Upreti aliuliza kama anaruhusiwa kumpigia mkewe. Akaruhusiwa. Hakupiga.

Taarifa zilikuja vipande vipande. Saa tisa na dakika arobaini na tano: Sherchan ameisoma barua, anasema picha ya simu si barua. Saa tisa na hamsini: mgeni mmoja, mama mmoja wa Kikorea, ameshusha cheti kwa mkono wake na kukanyaga kioo chake, na wengine wote wameanza kufunga mabegi. Saa kumi na kumi: wa kwanza wako darajani. Sajini Pun alikuwa anahesabu akitweta.

"Kumi na mmoja wamevuka. Daraja linabeba watano watano, zaidi ya hapo linacheza. Madam, kuna babu mmoja nimembeba mgongoni, anataka kunipa bakshishi."

"Chukua."

"Nimemwambia ampe mlima."

Saa kumi na nusu: thelathini na mmoja, wageni wote. Sherchan naye amevuka, amekaa juu ya jiwe, hasemi na mtu. Saa kumi na dakika arobaini: wafanyakazi wanane.

"Wa tisa nani?" Menuka aliuliza.

"Mpishi. Santa Bir Ghising. Amerudi juu kufungua nyumbu watatu nyuma ya jiko. Anasema ni wa mkopo, ni wa shemeji yake, hawezi kuwaacha. Nimemwita, hasikii. Namfuata mara moja, namshika shati namshusha."

"Dambar, usiende. Mwite kwa sauti."

"Nimemwita mpaka koo limekauka. Ni dakika kumi, madam. Nimezoea njia."

"Hiyo ni amri."

"Simu inakatika katika," Sajini Pun alisema, na ilikuwa haikatiki hata kidogo. Kisha akakata.

Menuka alingoja dakika kumi. Akangoja kumi nyingine. Upreti, kutoka ndani, aliuliza, "Wote wamevuka?"  Saa kumi na moja na dakika tano Menuka alipiga. Iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, sauti haikuwa ya Dambar.

"Haloo. Haloo. Nani huyo?"

"Wewe nani? Yuko wapi mwenye simu?"

"Mimi Santa Bir. Mpishi. Wewe ndiye afande wake?" Mtu yule alikuwa anatetemeka meno. "Dada, alinipa simu nimshikie. Mfuko wake ulikuwa umejaa maji. Nyumbu wawili tuliwafungua, wa tatu kamba ilikuwa imekaza, na yule nyumbu anapiga mateke. Akaniambia, kaka, tangulia na hawa wawili, nakuja na huyu mkaidi. Nikatangulia. Nimefika darajani nikasikia. Nikageuka."

"Ukaona nini?"

"Hakuna jiko. Hakuna mahema. Njia yenyewe hakuna, dada, ni tope linatembea. Nimeita. Tumeita wote. Hata bosi ameita."

Menuka aliweka kiganja ukutani. "Umehesabu vizuri? Labda amepita juu."

"Hakuna juu," mpishi alisema.

Chumbani, konstebo alikuwa amesimama wima na Upreti ameinamia meza, kichwa mikononi. Walikuwa wamesikia.

"Santa Bir, nisikilize. Usimpe mtu mwingine hiyo simu. Usivuke kurudi, wewe wala mtu yeyote. Naleta kikosi."

"Sawa. Dada..." Palikuwa na mlio mfupi, ukakata, ukarudi. "Kuna simu nyingine inaingia juu ya yako. Kuna picha hapa, mwanamke amebeba mtoto mwenye kofia nyekundu. Imeandikwa kitu lakini mimi sijui kusoma. Nimwache?"

Menuka alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, funguo za gari mkononi. Alisimama.

"Usimwache."

"Nimwambie nini?"

Mlio ule ulirudi, mara ya tatu, ya nne.

"Mwambie unaitwa nani," Menuka alisema. "Mwambie ulikuwa naye. Mwambie Menuka yuko njiani anakuja kwake. Akiuliza zaidi, usimdanganye."

"Sawa, dada," mpishi alisema, akapokea.